Siku Tuliyokigawa Kisima cha Watu

Ukitaka kuona watu wazima wakigombana kama watoto, wakusanye waliosoma nami sekondari pale Garissa miaka ya tisini, halafu umtaje mwalimu wetu wa historia. Basi. Chai itapoa mezani. Mmoja atasema yule mtu alimharibia ujana wake. Mwingine atasema bila yeye asingejua hata kusoma gazeti. Mimi nitapandisha sauti kuliko wote, kwa sababu nilimpenda, nilimpenda tangu wiki ya kwanza, na sioni haya kusema.

Alitoka upande wa milimani, kunakolimwa chai. Siku zile mtumishi wa serikali akipata uhamisho wa kuja kwetu, jamaa zake walimsindikiza kama anayekwenda vitani, na sisi wenyewe tulizidisha mambo kwa kusema kwamba mtu fulani “ametoka Kenya”, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Walimu wengi wa namna hiyo walikaa muhula mmoja, wakaenda likizo, na tusiwaone tena. Huyu alishuka basi amevaa tai iliyobana hadi kooni, katika joto ambalo hata mbuzi walilikimbia, na akabaki nayo shingoni miaka yote. Tulikuwa tukibahatisha ni siku gani ataifungua. Hakuna aliyeshinda.

Wenzangu walimchukia kwa sababu hakutoa noti za kunakili. Mwalimu wa historia aliyekuwapo kabla yake alikuwa akija na karatasi zake za manjano, anasoma, sisi tunaandika, kengele inalia, kila mtu na amani yake. Huyu aliingia mikono mitupu. Alikuuliza kitu, ukajibu, naye akauliza, “Umejuaje?” Ukisema umesoma kitabuni, alitaka kujua aliyeandika kitabu alijuaje. Ukisema umeambiwa, alitaka kujua aliyekuambia aliambiwa na nani. Wavulana wawili waliosoma chuo cha Kurani kwa bidii kuliko sisi wengine walimwelewa upesi, wakasema hayo ndiyo maswali anayouliza maalimu kuhusu hadithi za Mtume, nani kaipokea kwa nani. Wengine walisema hapana, maalimu anatafuta dini, huyu anatafuta kutuaibisha.

Hakuchapa mtu. Nalo lilikuwa kosa machoni pa wavulana! Walizoea viboko viwili na mambo yaishe, urudi kwenye dawati ukiwa umelipa deni lako. Yeye alikusimamisha tu, ukasimama mpaka upate swali la kuuliza, na lazima liwe swali la maana. Nimewahi kumwona kijana mrefu, mtoto wa mfanyabiashara mkubwa wa ng'ombe, akiomba achapwe. Aliomba kweli, kwa adabu, mikono nyuma. Mwalimu akamwambia, “Hilo ni ombi. Nilitaka swali.”

Na ile kanuni yake ya mabishano ndiyo iliyowamaliza kabisa. Ukitaka kumpinga mwenzako darasani, kwanza ulitakiwa kurudia alichosema, kwa uaminifu, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hapo ndipo ulipata ruhusa ya kumpinga. Jaribu siku moja. Unakuwa na jibu linawaka mdomoni, halafu unalazimishwa ulimeze uanze kumsemea adui yako. Nusu ya vipindi vyetu ilikwisha hapo, mmoja akisema, “Sivyo nilivyosema,” mwingine akianza upya huku akisaga meno.

Mbona basi nilimpenda? Kwa sababu alinikasirikia. Wasichana tulikuwa wachache katika shule ile ya kutwa, tumebanwa madawati ya mbele karibu na mlango, na walimu wengine walitutendea kwa huruma ambayo sasa naiona ilikuwa dharau iliyovaa nguo nzuri. Swali gumu lilipita juu ya vichwa vyetu likaenda nyuma kwa wavulana. Tukikosea, “Haya, kaa, binti.” Huyu wa milimani hakuwa na huruma hiyo. Alinisimamisha siku yake ya tatu, nikajibu vizuri tu, nikaanza kukaa. “Sijakwambia ukae. Hujajibu swali.” Nikajibu tena. “Bado.” Nilisimama mpaka jasho likanichuruzika chini ya buibui, na nilipokaa hatimaye nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na furaha ambayo sikuijua inatoka wapi. Nilikwenda nyumbani nikikimbia.

Aliyemchukia kuliko wote alikuwa mvulana wa dawati la mwisho. Huyu alikuwa msemaji wetu hodari, ana sauti, ana ndevu zimeshaanza, na akizungumza hata wasiompenda walitega sikio. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa upinzani, na mimi, kwa kuwa ulimi wangu haukuwa na breki, nikawa mtetezi wa mwalimu. Ukoo wake na ukoo wangu ni koo mbili jirani zisizoaminiana sana. Kwa hiyo tulipobishana darasani, wenzetu waliona raha maradufu.

Basi mwaka ule tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu alisema amechoka kusikia tunataja miji ya Ulaya na hatujui kilichotokea nje ya mji wetu wenyewe. Akatutuma kila mmoja aulize nyumbani historia ya mahali pamoja. Tuliporudi, mvulana wa dawati la mwisho na mimi tulikuwa tumechagua mahali pale pale bila kujua. Kilikuwa kisima cha mbali, upande wa njia ya Wajir, ambapo koo zetu zote mbili hunywesha ngamia wakati wa ukame. Yeye akasema kilichimbwa na mababu zake. Mimi nikasema kilichimbwa na mababu zangu. Darasa likalipuka. Watu walisimama juu ya madawati, na Kiswahili na Kiingereza vikasahaulika, tukamwagiana Kisomali tu, mwalimu katikati hajui hata neno moja, anageuza kichwa huku na huku na macho yanang'aa.

Aligonga ubao tukanyamaza. “Vizuri sana,” akasema. “Huu ndio mdahalo wetu wa siku ya wazazi. Na kila mmoja atatetea upande usio wake.”

Alilazimisha. Mvulana wa dawati la mwisho alikataa, akaambiwa basi atasimama hadi mwisho wa muhula. Mimi pia sikufurahi, msidhani. Lakini niliingia kazini. Mama yangu aliuza maziwa ya ngamia sokoni, ila utotoni mwake alichunga malishoni, na ndiye niliyemwuliza kama kuna ushahidi wowote kwamba kisima ni cha wale wengine. Alicheka kwanza. Kisha akaniimbia wimbo ambao wachungaji wetu huimba pale kisimani ngamia wakinywa. Ndani ya wimbo huo kuna jina la babu anayeshukuriwa kwa maji. Nilisikiliza mara mbili nikashika mdomo. Babu huyo si wetu. Ni babu yao.

Siku ya wazazi uwanja ulijaa. Wanaume walikaa upande wa kivuli, wamevaa kofia zao na makoti juu ya kikoi, wazee wengine ndevu zao nyekundu kwa hina. Akina mama walikaa upande wa pili na mitungi ya chai. Mdahalo ulikuwa kwa Kiswahili ili kila mtu afuate. Mvulana wa dawati la mwisho alitangulia, na wallahi, sijasikia kijana akizungumza vile tangu siku ile. Yote aliyofunzwa na mtu aliyemchukia yalimtoka kinywani. Alitaja mababu zake mmoja baada ya mwingine, kama tunavyofundishwa wote tukiwa wadogo, akashuka nao mpaka alipofika kwa aliyedaiwa kuchimba, halafu akageuka kuwatazama wazee wa ukoo wangu, akasema, “Wazee wangu waliwakuta wenu wakinywesha. Kisima ni chenu.”

Wazee wetu wakaangaliana. Mmoja akauliza kwa Kisomali, “Mmesikia?” na wengine wakajibu, “Tumesikia.” Mimi nilidhani wanamshangilia. Sisi watoto wa mjini, tuliokua na maji ya mikokoteni ya punda, tulijua nini? Hatukujua kwamba kwa wazee, neno likitamkwa mbele ya mashahidi, na mtu mwenye ndevu, aliyetaja ukoo wake kwanza, limekwisha kuwa neno. Kwetu lilikuwa zoezi la shule. Kwao kijana alikuwa amekabidhi kisima.

Nilipopanda mimi, wanaume walikuwa bado wananong'onezana juu yake. Nikazungumza, nikasema kisima ni cha ukoo wa mwenzangu, nikauleta wimbo, nikatoa na sababu zangu. Akina mama walinipigia makofi mpaka mitungi ikagongana. Upande wa kivuli, ni kama upepo ulipita tu.

Siku chache baadaye baba wa mvulana yule alikuwa kwenye soko la mifugo akipatana bei ya ng'ombe, na wazee wa ukoo wangu wakamjia wakiwa wamependeza, wakamshukuru kwa moyo safi kwamba mwanawe amemaliza ugomvi wa miaka mingi. Nasikia alidhani wanamtania. Alipoelewa, aliacha ng'ombe pale pale.

Alikuja shuleni akipiga hatua ambazo tulizisikia kabla hatujamwona. Mwalimu alimkuta nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, akamnyooshea mkono. Mzee hakuupokea. “Wewe mwalimu,” akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, “wewe nafanya nini na fijana yetu? Nabeba kisima ya watu nabatia watu ingine! Kwa sababu ya masomo?” Halafu akamwambia mwalimu mkuu, kwa Kisomali, kwamba mtu huyu aondoke mjini kabla ya wiki kwisha, la sivyo watoto wote wa ukoo wake watatolewa shuleni. Watoto hao walikuwa karibu nusu ya darasa.

Siwezi kueleza vile moyo wangu uliruka. Mtihani wa taifa ulikuwa mwaka uliofuata, lakini si mtihani tu. Niliona yule mwalimu wa noti za manjano akirudi, na swali gumu likipita tena juu ya kichwa changu kwenda nyuma. Darasani wapo waliofurahi waziwazi. Mmoja aliimba. Wengine, hata waliokuwa wakimlaani kila siku, hawakujiunga nao. Mvulana wa dawati la mwisho aliinamisha uso, na nilipomwuliza kama sasa ameridhika, alinijibu, “Nilitaka aondoke kwa ubaya wake, si kwa uzuri wangu.” Nilicheka nikiwa nataka kulia.

Ikaitishwa shir, yaani kikao cha wazee cha kusuluhisha jambo. Na kwa kuwa neno lilisemwa shuleni, wakakubaliana wakae shuleni, ndani ya darasa letu. Fikiria wazee wale, watu wazito, wamekaa kwenye madawati yetu na magoti hayaingii! Mbele, mahali pa mwalimu, alikaa mzee wa ukoo wa tatu aliyekubaliwa na pande zote mbili. Upande wa ukoo wangu msemaji alikuwa adeer, ndugu yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu nyumbani maana baba alikuwa dereva wa lori la Mandera na tulimwona kwa nadra. Mwalimu mkuu, mwenyeji wa Wajir, alikaa karibu na mwalimu wetu ili amtafsirie. Sisi wanafunzi tuliamriwa tuondoke, kwa hiyo tukajaa madirishani. Akina mama walijaa nyuma yetu.

Baba wa mvulana alisema kwanza. Mwanawe alilazimishwa na mwalimu, kwa hiyo neno si neno, na aliyelazimisha aondoke. Kabla adeer hajajibu, yule mzee wa mbele akamwambia, “Rudia alichosema.” Adeer akarudia. Mzee akamwuliza baba wa mvulana, “Ndivyo ulivyosema?” Akajibu ndivyo. Mwalimu mkuu alipomtafsiria hilo, mwalimu wetu aliruka kwenye kiti. Alishika mkono wa mwalimu mkuu. Akageuka dirishani akatutazama sisi, wote tuliokuwa tukisaga meno vipindi vyote vile, na kwa mara ya kwanza tukayaona meno yake yote. Kanuni ile tuliyodhani kaileta kutoka milimani, babu zetu walikuwa nayo! Tulisukumana kwa msisimko mpaka dirisha likatoa mlio.

Zamu ya adeer. Alisema kijana ana ndevu, alitaja ukoo wake, alisema bila kigugumizi, na hakuna mtu aliyelazimishwa anayezungumza kwa uzuri ule. Neno ni neno. Hapo nikaona mtego ulivyokaa. Kama kijana alilazimishwa, mwalimu anaondoka. Kama hakulazimishwa, kisima kinakwenda kwetu, nusu ya darasa inatolewa shuleni, na mwalimu anaondolewa vilevile ili watoto warudi.

Mzee wa mbele akamwuliza mwalimu, kupitia kwa mwalimu mkuu, kama alimlazimisha kijana. Nilimwombea aseme hapana. Angeweza kuzungukazunguka kidogo, kama watu wanavyofanya.

“Ndiyo,” akasema. “Nilimlazimisha. Niliwalazimisha wote.”

Minong'ono ikapanda. Mzee akainua mkono. “Wote maana yake nini?”

“Kila mmoja alitetea upande usio wake. Kuna mwingine aliyeupa ukoo wa kijana kisima.” Akanyoosha kidole dirishani. “Yule pale.”

Watu wote waligeuka. Mzee akaniita ndani. Niliingia nikavuta mtandio wangu mbele, nikasimama mahali pale pale nilipozoea kusimamishwa.

Adeer alikuwa wa kwanza kusema. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayerekebisha kosa dogo. “Huyu ni msichana. Neno la msichana halihesabiwi kwenye shir.”

Na hapo, jamani, ndipo lilipotokea jambo ambalo nikilisimulia hata leo watu hushika mbavu. Baba wa mvulana, ambaye nasikia hata chai hakuwahi kukubali kuipokea mkononi mwa binti asiye wake, aliruka juu akagonga dawati. “Linahesabiwa!”

“Tangu lini?” akauliza mzee wa mbele.

“Tangu... Mke wangu alilisikia. Na wanawake wote walilisikia. Waulizeni!”

Nje madirishani akina mama wakajibu kwa pamoja kwamba wamesikia, na hawakuulizwa. Mzee wa mbele alijifuta uso kwa kitambaa muda mrefu. Naamini alikuwa akicheka. Kisha akaniambia, “Sema ulichosema siku ile.”

Nikamtazama adeer. Alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo kila mtoto wa nyumba yetu alilijua. Nilielewa vizuri alichokuwa akitaka nifanye. Nikisema kwa sauti ndogo, nikisahau hiki na kile, watanirudisha nje kwa upole, na kisima kitakuwa chetu. Nikaanza, na sauti ikatoka ndogo kweli.

“Sauti!” akasema mtu kutoka nyuma. Alikuwa mwalimu. Wazee waligeuka kumtazama. Hakuomba radhi.

Nikavuta pumzi nikasema yote, kwa Kisomali safari hii, na niliposema kwa Kisomali yalitoka makali kuliko nilivyoyasema siku ya wazazi. Nikataja mababu zangu kwanza, kwa sababu nilikuwa nimejifunza sasa. Nikasema mdomo wa birika la kunyweshea pale kisimani unaelekea upande ng'ombe na ngamia wao wanakotokea, si upande wetu. Nikasema kwamba wachungaji wetu wenyewe wanapoimba pale humshukuru babu wa wale wengine kwa maji. Nikasema nilijua hayo kwa mama yangu, naye aliyajua kwa sababu alinywesha pale kwa mikono yake akiwa msichana mdogo, na aliyemfundisha wimbo ni mama yake, aliyenywesha pale kabla yake.

Adeer akafungua mdomo ili anijibu. Mzee wa mbele akamkatiza.

“Rudia alichosema.”

Adeer alisita. Mimi sikuelewa mara moja kwa nini anasita, kisha nikaelewa, na nywele zikanisimama. Mtu harudii maneno yasiyohesabiwa. Akishayarudia, yamekuwa maneno. Alitazama mashahidi kulia na kushoto, na hakuna aliyemsaidia, maana hiyo ndiyo kanuni yao tangu hapo na hawakuwa na nyingine. Akarudia. Alisema kuhusu birika na upande linaloelekea. Alisema kuhusu mama yangu kunywesha pale. Alizungumza vizuri, adeer alikuwa fundi wa maneno, na ungedhani amemaliza.

“Ndivyo ulivyosema?” mzee akaniuliza.

Kila kitu kilikuwa juu ya jibu hilo, nami nililijua hilo vizuri kabisa. Nilimpenda adeer yangu. Nilimwogopa pia.

“Hapana,” nikasema. “Adeer, umeacha wimbo.”

Nilisikia mtu dirishani akivuta pumzi, na nina hakika alikuwa mvulana wa dawati la mwisho. Adeer aliuma mdomo. Kisha, mbele ya wazee wa koo tatu, mbele ya mwalimu wa milimani na mama yangu aliyekuwa amepanda juu ya tofali ili aone, alianza tena tangu mwanzo, akasema birika, akasema mama, na akasema kwamba katika wimbo wetu wa kunywesha anayeshukuriwa ni babu yao. Akanigeukia mimi mwenyewe, hakumngoja mzee. “Ndivyo ulivyosema?”

“Ndivyo.”

Uamuzi haukuchukua muda baada ya hapo. Mzee wa mbele alisema kila upande umempa mwenzake kisima mbele ya mashahidi, kwa neno lililohesabiwa, kwa hiyo hakuna aliyepoteza na hakuna aliyepata, na wote waendelee kunywesha kama zamani. Mwalimu aliwalazimisha wote sawasawa, kwa hiyo hana kosa kwa yeyote. “Mwalimu abaki,” akasema, akaongeza kwa Kiswahili ili asikie mwenyewe, “lakini mwaka ujao fundisha mambo ya Ulaya.”

Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga kelele bila haya, nikarukaruka pale pale mbele ya wazee mpaka mtandio ukaniangukia mabegani. Dirishani nusu ya darasa walishangilia na nusu wakaguna, maana walijua wiki ijayo ni kusimama tena, na mmoja akasema kwa huzuni ya kweli, “Sasa hatutaachwa tupumzike kamwe.” Mwalimu alikuwa ameshatoa chaki mfukoni. Alikuwa akingoja wazee wainuke kwenye madawati.

Nilitoka langoni nikitarajia makaripio. Adeer alikuwa amesimama ananingoja, fimbo mabegani. Kwa kawaida yeye hutangulia na sisi watoto tunafuata nyuma. Safari hii alisubiri mpaka nikamfikia, tukaanza kutembea pamoja, tukapita msikiti.

“Ule wimbo,” akasema hatimaye, “mama yako hakukuimbia wote. Kuna ubeti wa mbele unaotaja babu yetu.”

“Huo ubeti uliongezwa baadaye, adeer.”

“Nani kakwambia uliongezwa?”

“Na nani kakwambia wewe kwamba haukuongezwa?”

Akasimama katikati ya barabara, akanitazama, akaanza kunieleza kwa nini nimekosea, kwanza, pili na tatu, akinionyesha kwa fimbo. Adeer yangu hakuwahi kunibishia hata neno moja maishani, kwa kuwa hakuwahi kunisikiliza. Siku ile alinibishia hadi sokoni, na nilipomjibu, alinisubiri nimalize.